Maswali ya Wasomaji: Kitabu gani kinamfaa anayeanza kujifunza istilahi za utabibu?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, Assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa mtaa wa Langoni, Lamu, na nimepata nafasi ya kusomea uuguzi kuanzia mwezi wa Septemba. Tumearifiwa kwamba somo la istilahi za utabibu litaanza wiki ya kwanza. Mjomba wangu aliyeko Malindi amejitolea kuninunulia kitabu kimoja, naye amekuta vitatu dukani. Cha kwanza ni kamusi nene iliyopangwa kwa alfabeti. Cha pili kimechapishwa Marekani, kina sura kwa kila mfumo wa mwili, na mazoezi mwishoni mwa kila sura. Cha tatu ni cha Uingereza, kimeshatumika, ni toleo la zamani, nacho kina orodha za maneno na maana zake bila mazoezi. Nimwambie achukue kipi? Na je, toleo la zamani lina hasara?

JIBU

Waaleikumu salaam, binti yangu. Mwambie mjomba achukue cha pili, ila ukipokee ukijua kwamba kina kasoro moja ambayo itakubidi uirekebishe mwenyewe kwa kalamu.

Sababu ya kukuchagulia hicho ni namna istilahi hizi zilivyoundwa. Anayeziona mara ya kwanza hudhani ni maelfu ya maneno ya kukaririwa moja baada ya jingine, kumbe sehemu kubwa ni mashina ya Kiyunani na Kilatini yanayorudi tena na tena, yakiongezwa viambishi mbele na nyuma. Ikiwa ulisoma sarfu madrasa, fikra hii unayo tayari, kwa kuwa ni mzizi mmoja tu wa Kiarabu uliotupa tabibu, tiba, tibu na matibabu. Vivyo hivyo, ukishajua kwamba hepat- ni ini, nefr- ni figo, gastr- ni tumbo la chakula, na kwamba -itis ni hali ya kiungo kuvimba na kuwaka, unaweza kusoma majina ya magonjwa matatu ambayo hukuwahi kufundishwa. Hata kolesteroli, neno ambalo sasa linatajwa barazani, limebeba historia yake ndani: khole ni nyongo na stereos ni kigumu, kwa sababu kitu hicho kilitambuliwa kwanza katika vijiwe vya nyongo, na jina hilo likatokana na lile alilokipa mwanakemia Chevreul wa Ufaransa mwaka 1815.

Kamusi haiwezi kukufundisha hivyo, hata iwe nzuri kiasi gani. Alfabeti huyapanga maneno kwa mwanzo wake, ilhali katika istilahi za utabibu mwisho wa neno ndio unaosema kilichotokea: ni ugonjwa, ni kipimo au ni upasuaji. Utahitaji kamusi baadaye, ukiwa wodini, na ya maktaba ya chuo itakutosha.

Kabla mjomba hajalipa, mwombe afungue sura ya figo. Kitabu kizuri kitakuambia hapo kwamba figo ina mashina mawili, ren- la Kilatini na nefr- la Kiyunani, na kwamba mara nyingi Kilatini hutumika kutaja kiungo chenyewe na Kiyunani kutaja ugonjwa au upasuaji wake. Pafu nalo lina pulmon- na pneumon-. Kitabu kinachokupa shina moja na kunyamaza kuhusu la pili kitakuacha njiani.

Kisha atazame mazoezi, na ahakikishe kwamba majibu yamo. Mazoezi ya kuoanisha neno na maana hayatoshi. Unahitaji yale yanayokutaka uvunje neno vipande, na yale yanayokupa maana ili uunde neno mwenyewe, kwa maana hapo ndipo utakapotenganisha -tomia, ambayo ni kupasua, na -stomia, ambayo ni kufungua tundu, na -ektomia, ambayo ni kukata na kuondoa kabisa. Apendektomia humwondolea mgonjwa kidole tumbo. Kolostomia humwachia tundu la utumbo mpana kwenye ngozi ya tumbo. Jozi nyingine ni hatari zaidi kwa kufanana kwake: ilium ni mfupa wa nyonga na ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, disfagia ni shida ya kumeza na disfasia ni shida ya lugha. Nimewafundisha wauguzi kwa miaka mingi, na sijaona orodha tupu, kama ile ya kitabu cha tatu, ikimkinga mwanafunzi na makosa haya.

Sasa kasoro niliyoitaja. Kenya tumefuata tahajia ya Uingereza, na kitabu chako ni cha Marekani. Jina la umio huanza na herufi O Uingereza na E Marekani, kwa hiyo kwenye faharasa ulitafute penye E. Jina la upungufu wa damu lina ae katikati Uingereza, na e pekee Marekani. Vifupisho vya dawa ni jambo zito zaidi. Hapa utakuta bd kwa mara mbili kwa siku na tds kwa mara tatu. Kitabu chako kitaandika bid na tid. Na od, ambayo kwetu ni mara moja kwa siku, kwa Wamarekani ni jicho la kulia. Yaandike ya kwetu pembeni mwa ukurasa siku ile ile utakayokipokea.

Kuhusu toleo, mashina hayazeeki, na kitabu cha miaka kumi iliyopita kitakufundisha nefr- kama cha mwaka huu. Kinachobadilika ni majina na mpangilio wa magonjwa, hasa baada ya uainishaji wa kumi na moja wa Shirika la Afya Duniani kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, pamoja na sura za dawa. Kwa hayo utategemea walimu wako.

Angalia pia kama kitabu kinaonyesha matamshi, maana sisi Waswahili tuna mazoea ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno mengi ya upasuaji na vipimo, yakitamkwa kwa Kiingereza, mkazo husogea hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Herufi p iliyo mwanzoni kabla ya n haitamkwi. Ikija katikati, kama katika apnea, yaani kukatika kwa pumzi, hutamkwa.

Ninakuomba jambo moja zaidi, nalo liko nje ya vitabu vyote vitatu. Tenga daftari la safu tatu: istilahi, Kiswahili sanifu, na neno analolitumia mgonjwa. Bibi aliyeletwa kwa mashua kutoka Pate atakuambia, "Kitwa chaniuma na mato yana ukungu," yaani kichwa na macho, na ni wewe utakayepaswa kuandika kwenye faili kile ambacho daktari wa bara atakielewa. Uwe mwangalifu na maneno kama safura, ambalo asili yake ya Kiarabu ni umanjano, na kwa Kiswahili limekuwa jina la ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu; na homa ya manjano, ambayo wengine huitumia kwa kila mgonjwa aliyegeuka macho kuwa ya njano, ini likiwa ndilo lenye shida. Ukisikia neno la namna hiyo, muulize mgonjwa anaona nini na anahisi nini, kisha ndipo uandike istilahi.

Mjomba akishakinunua, akipekue ukurasa kwa ukurasa palepale dukani, hasa kurasa za majibu zilizo mwishoni, kwa maana kikishafika Mokowe na kuvushwa kwa boti itakuwa vigumu kukirudisha Malindi.