Betri ya pikapu: hasi hutoka ya kwanza, hurudi ya mwisho

Huku kwetu Uyole, kwenye baridi ya Mbeya, mwezi wa sita na wa saba ndipo mtu anapoijua betri yake. Alfajiri oili imekuwa nzito kama uji uliolala, na betri yenyewe baridi imeipunguzia nguvu. Injini ya dizeli nayo inataka nguvu nyingi kuzungushwa, na kabla haijazunguka plagi za kupashia moto zimeshavuta umeme wao. Kwa hiyo betri iliyokuwa inawasha gari bila shida mwezi wa tatu, sasa inatoa sauti ya "tik, tik" na kunyamaza, wewe una magunia ya viazi yanakusubiri Isyonje.

Nina Hilux ya dizeli ya zamani, na betri zake nabadilisha mwenyewe nyumbani. Ni kazi ya nusu saa na spana namba 10, wakati mwingine na namba 12 au 13. Lakini mara ya kwanza niliikosea vibaya, na alama ya kosa lile bado ipo chini ya boneti.

Nilianza kufungua waya wa chanya (+) kabla ya ule wa hasi (-). Spana ilikuwa ndefu, nikaizungusha, kichwa chake kikagusa bodi ya gari. Cheche iliyoruka ilikuwa ya buluu, na spana ikang'ang'ania pale kama imechomelewa. Niliivuta kwa nguvu, mkono ukitetemeka. Mzee jirani yangu, aliyefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi, alisikia ule mlio akaja na kanzu yake ya asubuhi. Akaniambia, "Mwanangu, bodi yote ya gari hili ni hasi. Ukishika chanya wakati hasi bado imefungwa, kila chuma unachokiona hapa ni adui yako. Toa hasi kwanza." Tangu siku ile natoa hasi kwanza, nausogeza waya wake mbali na kuufunika kwa kitambaa, ndipo naigusa chanya. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Saa na pete vua. Sigara usiwashe hapo, maana betri hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka.

Kabla hujatoa hela ya betri mpya, pima ya zamani. Mita ya kawaida ya mafundi umeme inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12, imeisha chaji. Halafu washa gari, hata kwa kubusti (kuazima umeme wa betri ya gari jingine), upime tena likiwa linaunguruma. Inatakiwa usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu na inashuka, mwenye ugonjwa ni alternata, ile inayochaji betri injini ikizunguka, au mkanda wake, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile. Nimeona watu wakinunua betri mbili kwa mwaka kwa kutopima tu. Inaniuma, kwa sababu hizo ni pesa za mbolea.

Dukani nenda na betri ya zamani, au ipige picha maandishi yake. Kama imeandikwa 80D26R, ile 26 ni urefu wa sentimita, na herufi ya mwisho, R au L, inaonyesha chanya iko upande gani. Ukichukua ya upande mwingine, waya hazitafika, na ukilazimisha kuzivuta unakaribisha shoti.

Ukishaitoa ya zamani (inakaribia kilo 20, inua kwa magoti na usiiinamishe), usikimbilie kuweka mpya. Angalia vichwa vya waya. Ule unga mweupe wenye kijani unazuia umeme kuliko watu wanavyodhani. Mimi nayeyusha magadi ya kuokea kwenye maji ya uvuguvugu, navaa glavu, nasugua kwa mswaki mkuukuu mpaka povu liishe, nasuuza, nakausha, naona madini ya risasi ya vile vichwa yanang'aa. Baada ya kufunga na kukaza ndipo napaka grisi kidogo juu.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote: lile bano la chuma linaloshikilia betri isitikisike. Wengi huku wamelipoteza na wamefunga betri kwa mpira wa tyubu. Nami niliwahi kufungiwa hivyo na fundi wa kando ya barabara, nikakubali kwa sababu nilikuwa na haraka. Zile njia za kupanda kuelekea Kitulo zilimaliza betri mpya kwa miezi minane. Mtikisiko hung'oa ile dawa iliyopakwa kwenye sahani za ndani, inaanguka chini, inarundikana na kuziunganisha sahani kwa shoti. Nikaenda kwa mchomeleaji, akanikatia bano la chuma bapa na boliti mbili ndefu. Betri iliyofuata ilinitumikia miaka minne. Kaza mpaka ukiisukuma kwa mkono isisogee, ila usizidishe ukapasua plastiki.

Ukimaliza, washa na upime tena. Saa na redio zitakuwa zimejisahau, zirekebishe.

Betri ya zamani irudishe ulikonunua, mara nyingi wanaipokea na kukupunguzia bei. Usimwage maji yake bustanini ili ubaki na risasi ya kuuza, na usiiweke uani wanapocheza watoto. Asidi inachoma ngozi na kutoboa nguo, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inamdhuru akili. Yangu hailali nyumbani. Inapanda nyuma ya pikapu siku ileile, ikisimama wima kwenye ndoo, kurudi dukani Mwanjelwa.