VVU vilienea, au vilienezwa?

Swali: Mwalimu, mimi ni muuguzi katika kliniki ya tiba na matunzo hapa Mwanza. Nimeombwa niandikie kikundi cha WAVIU (watu wanaoishi na VVU) makala fupi kuhusu jinsi wanasayansi walivyofuatilia VVU vilikotoka. Nimeandika hivi: “Uchunguzi wa vinasaba umebaini kuwa chanzo cha VVU ni Kinshasa, ambako vilienezwa na abiria wa reli, na leo aina ndogo ya C inaongoza duniani.” Mwenzangu ameisoma akasema kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakuweza kukitaja. Ni kitu gani?

Jibu: Ndugu muuguzi, kisarufi sentensi yako haina doa. VVU ni virusi vya Ukimwi, kwa hiyo “vilienezwa” imekaa mahali pake, na wanaoandika “VVU imeenea” ndio wa kusahihishwa. Nadhani mwenzako amesikia lawama ambayo wewe hukukusudia kuitia.

Lawama hiyo imejificha kwenye “vilienezwa na”. Harufu huenea, habari huenea, na hatumtafuti mtu wa kumshika shati. Ukiongeza ile -z- ukapata “kueneza”, tayari umeweka mtendaji: mtu anaeneza dini, anaeneza uvumi. Basi “vilienezwa na abiria” inawafanya wale abiria kuwa watenda kosa. Wao walikuwa watu wa kawaida wa Kongo ya Wabelgiji, wakienda kazini, sokoni, kwa jamaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 reli zile zilikuwa zikibeba zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na hakuna aliyejua amebeba nini, maana ugonjwa wenyewe ulikuja kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huko Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 unakadiria kwamba virusi vilifika miji ya Lubumbashi na Mbuji-Mayi, hukohuko Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1930. Andika “vilienea kwa njia ya reli”. Au, kama unapenda sentensi yenye miguu, “vilisafiri na abiria”. Tazama “na” ileile inavyobadilika hapo: kwenye “vilienezwa na” inamtaja mtenda, kwenye “vilisafiri na” inamtaja mwenzi wa safari tu.

Sasa “chanzo”. Neno hili linabeba mawili, mahali jambo lilipoanzia na sababu iliyolileta. Tukisema chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme, hatutaji mahali. Kwa habari hii Kiswahili kina maneno mawili mazuri zaidi, nawe unayahitaji yote mawili. “Chimbuko” ni pale kitu kinapochimbuka, kama maji yanavyotoka ardhini. “Kitovu” ni pale kinapojikusanyia nguvu. Chimbuko la virusi vilivyoenea dunia nzima, yaani kundi M la VVU-1, ni kusini-mashariki mwa Kamerun: mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba ndugu zao wa karibu kabisa wamo katika sokwe wa misitu ya huko. Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, ndiyo kitovu. Huko ndiko kundi hilo lilikoanza kutanuka, kwa makadirio ya ule utafiti wa 2014, mnamo miaka ya 1920. Ukiandika “chanzo ni Kinshasa” umeifuta Kamerun, tena umewabebesha wakazi wa mji mmoja mzigo wa jambo lililoanzia porini. Na hata chimbuko lenyewe si moja. Kundi N nalo limetoka kwa sokwe, makundi O na P yanahusishwa na masokwe wakubwa tunaowaita gorila, na VVU-2 vimetoka kwa tumbili wa Afrika Magharibi.

“Vinasaba” nalipenda kuliko “jeni”, kwa sababu ndani yake mna nasaba, na nasaba ndiyo hasa inayotafutwa. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Waliowahi kulinganisha nakala za utenzi zilizoandikwa kwa mkono wanaijua kazi hii: nakala zenye kosa moja huenda zilitoka kwa mwandishi mmoja, na kadiri zinavyotofautiana ndivyo babu yao alivyo mbali. Sampuli mbili kongwe za Kinshasa, ya mwaka 1959 na ya mwaka 1960, zilikutwa zimeshatofautiana mno, ndipo ikaeleweka kuwa babu yao aliishi miongo kadhaa kabla. Mchoro wa ukoo huo uite “mti wa nasaba”.

Lakini neno hili lina mtego wake mtaani. Kwetu “kupima vinasaba” ni kutafuta baba wa mtoto, na kesi inaishia hapo. Msomaji wako atadhani uchunguzi huu nao unamtaja aliyemwambukiza mwenzake. Kufanana kwa virusi kunaonyesha udugu. Peke yake hakuthibitishi nani alianza, maana wote wawili huenda walipata kwa mtu wa tatu. Ongeza sentensi moja ya kusema hivyo. Nchini Marekani mtu mmoja, mhudumu wa ndege kutoka Kanada, alibebeshwa jina la “mgonjwa sifuri” kwa miaka mingi. Katika utafiti wa awali alikuwa amepewa herufi O, kuonyesha kuwa anatoka nje ya California, na watu wakaisoma kama sifuri. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa virusi vyake havikuwa shina la vile vya Marekani.

“Aina ndogo” ni tafsiri ya “subtype” iliyokwisha zoeleka, lakini hebu isikilize: aina ndogo ya C ndiyo iliyo katika karibu nusu ya maambukizi yote duniani! Waliosoma fasihi sekondari wanazijua “tanzu na vipera”. Kwa nini tusiazime “utanzu”? Kundi M lina tanzu zake: A, C na D tunazo hapa Tanzania, na utanzu L ulitambuliwa mwaka 2019. Herufi E na I zilitolewa kwenye orodha baada ya kuonekana kwamba virusi vilivyopewa herufi hizo ni mchanganyiko wa tanzu. Virusi vya namna hiyo viite “mseto”. Nimeona mahali vikiitwa “chotara”. Neno hilo limeshawaumiza watu vya kutosha.

Kirusi kimoja, virusi viwili, ingawa Kirusi ni lugha ya Moscow pia. Hakuna atakayechanganya.

Basi sentensi yako ningeiandika hivi: “Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kuwa chimbuko la kundi M la VVU-1 ni kusini-mashariki mwa Kamerun, na kitovu chake kilikuwa Kinshasa, kutoka huko likaenea kwa njia ya reli hadi Lubumbashi, na leo utanzu C ndio unaopatikana kwa watu wengi zaidi duniani.” Ni ndefu kuliko yako. Karatasi ikiwa haitoshi, punguza tanzu, usipunguze Kamerun.