Mshipa Unapiga, Mbona Maumivu Yanazidi?

SWALI: Daktari, kaka yangu aliangukiwa na gogo kwenye muundi. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, akapewa vidonge na kuruhusiwa kuondoka. Usiku mguu ulikakamaa, naye akawa analia kila tulipomgusa vidole. Tuliporudi, mhudumu alipapasa mshipa wa wayo, akasema unapiga, kwa hiyo damu inafika. Saa chache baadaye alipasuliwa kwa dharura. Je, mshipa unaopiga hautoshi kuwa ushahidi?

JIBU: Hautoshi. Misuli ya muundi imo katika vyumba vinne vilivyozungushiwa utando mgumu usiotanuka. Misuli iliyopondwa ikivimba, presha hupanda ndani ya chumba na kubana kwanza vishipa vidogo vinavyolisha misuli na neva, ilhali ateri kubwa (mshipa unaotoa damu moyoni), ambayo presha yake ni ya juu zaidi, huendelea kupiga karibu hadi mwisho. Mfupa si lazima uvunjike. Anayengoja mapigo yapotee atakuwa amechelewa, kwa kuwa misuli iliyokosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa.

Kile kilio cha kuguswa vidole, ulichokitaja kwa kupita, ndicho kilichokuwa na uzito. Mpimaji hukunja kidole gumba cha mguu taratibu kuelekea chini, mgonjwa akiwa amelegea. Maumivu yakichoma kwenye muundi, au yakizidi ukubwa wa jeraha na kushinda dawa, daktari wa upasuaji aitwe. Ganzi katikati ya kidole gumba na cha pili huongeza shaka. Kwa asiyejitambua, presha ya chumba hupimwa kwa sindano: ikitolewa kwenye namba ya chini ya kipimo cha presha ya damu na kubaki pungufu ya milimita 30 za zebaki, kwa kawaida utando hupasuliwa.

Ateri nayo huweza kuumia kwa siri, hasa nyuma ya goti lililoteguka na kujirudi lenyewe. Utando wake wa ndani huchanika, damu ikaendelea kupita, kisha ikaganda saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo presha ya kifundo cha mguu hulinganishwa na ya mkono, tena kwa kurudiarudia. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono na jibu likashuka chini ya 0.9, mishipa ipigwe picha ya CT (eksirei ya kompyuta).

Mkiwa njiani kwenda hospitali, fungueni bandeji yote, msiuchue mguu, na uwekeni usawa wa moyo, kwani kuuinua zaidi hupunguza damu inayoingia.