Ukiwa Ugenini, Uliza Siku na Saa Kabla ya Kuuliza Mgahawa

Wanaojiandaa kusafiri huniuliza wapi watapata chakula cha asili cha nchi wanayokwenda. Nami huwauliza: mtafika siku gani? Kwa niliyoyaona safarini, mara nyingi msafiri hukikosa chakula cha asili kwa kuwa amekitafuta saa ambayo wenyeji hawakili, hata kama mgahawa alioingia ni mzuri. Mapishi ya kale yana ratiba yake, iliyopangwa na ibada, majira ya mavuno, na saa ambayo mashua hurudi kutoka kuvua. Hoteli kubwa haziifuati ratiba hiyo. Hupika kila kitu kila siku, na anayekula humo tu huweza kuondoka katika nchi yenye jiko tajiri akidhani chakula chake hakina jipya.

Moroko, kuskusi ni chakula cha Ijumaa. Familia hurudi kutoka swala ya adhuhuri na kuzunguka sinia moja. Chenga za ngano hupikwa kwa mvuke unaopanda kutoka kwenye chungu cha nyama na mboga kilicho chini yake, kisha hutolewa, huchambuliwa kwa mikono zisigandamane, na kurudishwa tena kwenye mvuke. Ni kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo ukikuta mgahawa mdogo hauna kuskusi siku ya Jumanne, usiudharau, maana huenda ndio wenye mpishi anayeiheshimu kazi yake. Mimi hupanga safari ya huko ili Ijumaa isinikute barabarani.

Ethiopia nako siku ina uzito. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa sehemu kubwa ya mwaka, na kabla ya Pasaka kuna mfungo mrefu wa siku 55. Wakati wa mfungo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Wapo wageni wanaoona siku hizo ni za hasara. Kwangu mimi ndizo siku bora za kula Addis Ababa, kwa sababu mpishi aliyenyimwa nyama na siagi hana pa kujificha. Ladha yote lazima itoke kwenye viungo na moto. Agiza beyaynetu. Utaletewa injera, mkate mpana wa unga wa nafaka ya tefu uliochachushwa kwa siku kadhaa, na juu yake vilima vidogo vya adesi zenye pilipili ya berbere, shiro laini (mchuzi mzito wa unga wa dengu), kabichi, na mboga za majani. Kula kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikukunjia tonge na kukulisha mdomoni, pokea kwa furaha, kwani hiyo ni gursha, ishara ya upendo na heshima.

Saa nayo izingatie. Hanoi, Vietnam, pho (supu ya tambi za mchele) ya kukumbukwa ni ya asubuhi, kwenye vibanda ambavyo supu yao ya mifupa imechemka usiku kucha, na ikiisha wanafunga. Peru, seviche, yaani samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, ni chakula cha mchana. Samaki ni wa asubuhi hiyo, na migahawa mingi inayoipika hufunga jioni haijaingia. Senegal, ceebu jën, yaani wali wa samaki, mboga na nyanya, huliwa mchana katika bakuli kubwa la pamoja, kila mtu akila upande ulio mbele yake. Usivuke kwenda upande wa jirani. Mwenye nyumba mwenyewe atakusogezea vipande vya samaki, kwa sababu kumhudumia mgeni ni fahari yake.

Kuna na vyakula vyenye siku yao maalumu kwa mwaka. Haiti, tarehe 1 Januari, watu hunywa soup joumou, supu ya boga, kuadhimisha uhuru uliotangazwa mwaka 1804. Wakati wa utumwa, Waafrika waliipika supu hiyo kwa ajili ya mabwana wa Kifaransa, na wao wenyewe hawakuruhusiwa kuionja. Ukibahatika kukaribishwa siku hiyo, iulize familia historia yake, uwape muda wa kuisimulia.

Utazijuaje ratiba hizi kabla ya kufika? Njia moja ni orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, ambayo mimi huisoma kabla ya kukata tiketi. Kuskusi iliingizwa mwaka 2020 kwa ombi la pamoja la Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia, ceebu jën na soup joumou mwaka 2021, seviche ya Peru mwaka 2023. Maelezo yake hueleza nani hupika, lini, na kwa sababu gani.

Ukishafika, waulize watu. Lakini usimuulize dereva au mfanya usafi wa hoteli, "Mgahawa gani mzuri?" Atakutajia ule anaodhani wageni huupenda. Muulize, "Leo nyumbani kwenu mnapika nini?" Hapo uso hubadilika. Atakueleza chakula, atakueleza mama yake anavyokipika, na mara nyingi atakuelekeza mahali anapokula yeye mwenyewe.

Kuhusu tumbo, kaa karibu na moto. Chungu kinachochemka na kuisha haraka ni salama kuliko meza nzuri yenye chakula kilichopoa. Ndimu ya seviche huigeuza rangi nyama ya samaki, ila haiui vijidudu kama moto unavyoviua. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu wasiile. Kitfo ya Ethiopia ni nyama mbichi, ila ukiomba lebleb wataipitisha motoni kidogo, na unaweza kuomba iive kabisa.

Mwenye mzio asisafiri bila karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya huko, ikitaja wazi asichoweza kula. Karanga husagwa ndani ya michuzi mingi ya Afrika Magharibi, na Vietnam mchuzi wa samaki hutiwa hata kwenye mboga. Mwonyeshe mpishi karatasi hiyo kabla hajaanza kupika. Ikiwa ana shaka na chakula alichonacho, agiza kingine.