Soma na mbele

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa: je, wanafunzi washirikishwe kutunga kanuni za nidhamu za shule yao? Nililisoma ndani ya daladala nikitoka soko la Mbuyuni, na jibu langu likawa hapana. Niko kwenye bodi ya shule moja ya kata hapa Moshi, mwaka wa tatu sasa. Vijana wetu nawapenda, lakini ukimpa mtoto wa kidato cha pili kalamu apange saa ya kufika shule, ataandika saa nne.

Hayo ndiyo niliyokusudia kuandika. Ila tangu juzi nalala na kuamka na habari ya sweta.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha kwanza. Sisi wa Kibosho tunaijua Juni: ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, mlima huuoni, na alfajiri unatembea vidole vimekufa ganzi. Mama hakuwa na hela ya sweta ya dukani. Alinunua nyuzi akanifumia mwenyewe, usiku, kwa taa ya chemli, wiki tatu. Ilikuwa ya kijani. Mikononi alifuma misokoto kama kamba, na shingoni akaacha nafasi ya tai.

Siku ya kwanza kuivaa, mwalimu wa zamu alinitoa mstarini. Akasema sweta ya shule ni kijani iliyokoza, yangu ni kijani ya majani ya maharage. Nikaivua mbele ya shule nzima, akaipeleka ofisini. Nilikaa darasani na shati la mikono mifupi mpaka saa tisa. Nyumbani mama aliniuliza neno moja tu: iko wapi?

Kesho yake tulishuka wote wawili. Alivaa kitenge chake cha kanisani, na kikapuni aliweka masalia ya zile nyuzi pamoja na karatasi ya maelekezo ya kujiunga tuliyopewa Januari. Walisalimiana vizuri. Kisha akampa karatasi: "Mwalimu, naomba unisomee palipoandikwa sweta."

Mwalimu akasoma: "Sweta moja ya kijani."

"Soma na mbele."

Mbele palikuwa na soksi.

Mwalimu hakujibu. Alifungua kabati, akanirudishia sweta yangu, na habari ya rangi ikaishia pale. Lakini kila nikiingia kikao cha bodi naisikia ile "soma na mbele".

Kwa hiyo mimi naumizwa zaidi na swali jingine: kanuni zikishatungwa, nani anazisoma? Mwaka jana tulipoamua kuzipitia za kwetu, nakala ilitafutwa stoo siku mbili. Ilikataza redio za kaseti. Simu haikutajwa popote. Ilisema mtoro apigwe viboko sita, wakati kanuni za serikali za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Hilo la viboko mwalimu wa nidhamu mwenyewe ndiye aliyeliona, namshukuru.

Lakini la geti aliliona dada mkuu, binti tuliyemwita akae tu awakilishe wenzake. Alinyoosha mkono, akasema karatasi inasema aliyechelewa ni anayefika baada ya saa 1:15 asubuhi, na geti linafungwa saa 1:00 kamili. Akaongeza kwamba stendi makonda hawawapandishi wanafunzi mpaka abiria wa nauli kamili waishe. Wajumbe tulitazamana. Ile karatasi tulikuwa tumeisoma wote, ila kati yetu hakuna anayefungiwa geti.

Basi jibu langu nalibadilisha, kwa masharti. Waitwe, wasome, waseme. Adhabu wasipange wao. Nimewaona viranja wakiachiwa wenzao, wanakuwa wakali kuliko walimu. Na saa ya kufika ibaki ya walimu, ingawa hapo napo nasita nikiwakumbuka wanaotoka mbali.

Geti sasa linafungwa saa 1:15. Kipengele cha sweta niliomba nikiandike mimi: sweta ya bluu, ya dukani au ya kufuma, bluu yoyote. Kikao kilipitisha mpaka neno "bluu". Maneno yaliyobaki yameahirishwa hadi Septemba.