Lubumbashi hadi Brussels: saa ngapi hasa njiani?

Mama, umeuliza binti yako atakaa njiani muda gani mwezi wa saba, maana ulisoma kilomita 7,300 na safari ya saa tisa, na tiketi inasema anaondoka Lubumbashi 15:00 na kufika Brussels 06:15. Njia hiyo nimeipita mara nne, nikueleze.

Hizo kilomita 7,300 ni za ndege ambayo ingetoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ikanyoosha moja kwa moja hadi Brussels. Ndege kubwa hukimbia karibu kilomita 850 kwa saa. Ongeza kupaa na kutua, unapata saa tisa. Binti yako anapitia Addis Ababa: kilomita kama 2,600 kufika pale, kisha 5,600 nyingine. Na uliza vizuri kama ndege ya kwanza haitui mji mwingine kabla ya Addis.

Kinachotuchanganya ni kwamba kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji wenyewe. Unajua tunavyoizidi Kinshasa saa moja? Addis nayo inatuzidi sisi saa moja. Akitoka 15:00, Addis ni 16:00. Tiketi inasema atatua 19:50, basi amekaa angani saa 3 na dakika 50, si karibu saa tano. Pale atasubiri hadi 23:40, ambayo kwetu ni 22:40. Mwezi wa saba Brussels inaenda sawa na Lubumbashi, kwa hiyo toka 22:40 hadi 06:15 ni saa 7 na dakika 35. Safari yote: saa 15 na robo. Januari safari hiyohiyo ingeandikwa kufika 05:15, kwa sababu Ubelgiji hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Safari yangu ya kwanza niliacha saa ya mkono kwenye saa ya Lubumbashi. Nimekaa Addis nimetulia, najiambia bado saa nzima, kumbe abiria walikuwa wanamalizika kuingia. Nilikimbia mpaka mlangoni nikiwa wa mwisho, na hofu ile sitaki mtoto wa mtu aionje. Abadilishe saa akiwa bado kwenye kiti, ndege ikigusa chini. Na akimuuliza Muethiopia saa, aangalie ubao pia: wao huhesabu kama Waswahili wa pwani, 22:00 kwao ni saa nne ya usiku.

Awe na sweta mkononi, si kwenye sanduku. Addis iko juu, mita 2,300 hivi, na Julai ni majira ya mvua, usiku baridi inauma.

Wewe usianze kuangalia simu 06:15. Kuna foleni ya pasipoti, kuna mizigo. Mimi nilimpigia mama karibu 08:00, na alikuwa hajalala tangu alfajiri.