Yai Halisubiri Damu: Majibu kwa Mama Wanaonyonyesha

*Mtoto ana miezi minane, anakula uji na ananyonya. Sijaona siku zangu tangu nijifungue. Naweza kushika mimba?*

Unaweza, na nimeshachoka kulijibu swali hili. Yai hupevuka kwanza. Damu hufuata wiki mbili hivi baadaye, tena ni pale tu mimba isipotunga. Ukingoja damu, yai limeshakupita. Kunyonyesha hukinga kwa asilimia 98, lakini masharti matatu yawe pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama pekee, mchana yasipite masaa manne bila kunyonya, usiku yasipite masaa sita. Kuvuta titi ndiko kunakouzuia ubongo kutoa vichocheo vya kupevusha yai. Kikombe cha uji kikiingia, mtoto anavuta kidogo na kinga inalegea. Wako ameshapita miezi 6. Nenda kliniki wiki hii, upime mimba kwanza.

*Damu ya uzazi ilikoma wiki ya nne, wiki ya sita imerudi. Ni hedhi?*

Kama hunyonyeshi, huenda ni hedhi. Kama unanyonyesha maziwa pekee, damu inayotoka ndani ya siku 56 tangu ujifungue haihesabiwi. Baada ya hapo, ukiona damu siku mbili mfululizo, hedhi imerudi. Ila pedi ikilowa chepechepe kila baada ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au damu ikinuka nawe una homa, kimbia hospitali. Usisubiri arobaini iishe. Kipande cha kondo kilichobaki ndani hakitolewi kwa kukandwa maji ya moto.

*Mama mkwe anasema hedhi imeharibu maziwa, nimwachishe mtoto.*

Hayaharibiki. Siku chache kabla ya damu yanaweza kupungua kidogo na chuchu zikauma. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mama mkwe mheshimu, lakini titi usimnyime mtoto. Wengi wanaoambiwa wamebemendwa ni watoto walioachishwa mapema wakalishwa uji mwepesi, hauna maziwa wala karanga.

*Vidonge gani vya uzazi wa mpango vinafaa ninaponyonyesha?*

Vya kichocheo kimoja. Vya vichocheo viwili vinaweza kupunguza maziwa, visubiri mtoto atimize miezi 6. Sindano ya miezi mitatu, kuanzia wiki ya 6. Kijiti unaweza kuwekewa kabla hujatoka hospitali. Kitanzi ndani ya saa 48 au baada ya wiki 4. Vidonge vya jirani usivimeze. Na sindano au kijiti kikikata hedhi, damu haijajikusanya tumboni: ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba, hakuna cha kutoka.

*Mwaka na nusu, bado sijaona. Ni ugonjwa?*

Mtoto akiwa ananyonya sana, si lazima, ila pima mimba. Lakini kama ulivuja damu nyingi mno ulipojifungua, na maziwa hayakutoka kabisa, mweleze daktari yote mawili kwa pamoja. Tezi iliyo chini ya ubongo huenda iliumia kwa kukosa damu, na hiyo ina dawa.